Siku Kwaya ya Bombo Ilipokufa

Hakuna jambo lililomkera Mama Dorkas uzeeni mwake kama kuwa na mtoto daktari asiyetoa hata panadol. Bombo nzima ilijua kwamba binti yake Asteria ni daktari mkubwa, na kila alipopanda mlima kuja kusalimia, watu walimiminika uani na magoti yao, migongo yao na watoto wao wenye mafua, wakakaa kwenye benchi kwa adabu zote wakisubiri kutibiwa. Asteria aliwasikiliza, akawapa pole, kisha akawaelekeza zahanati. Waliondoka wakinong'ona. Mwenye duka la dawa kule Hedaru hakuwahi hata kusogelea chuo cha udaktari, lakini kwake hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Tatizo ni kwamba kazi ya Asteria haikuwa ya kuonekana. Miaka mingi aliitumikia wodi ya wagonjwa mahututi Dar es Salaam, ambako wagonjwa wamelala na mipira ya kupumulia mdomoni na mashine ndizo zinazowapumulia. Alipotoka wodini alipelekwa popote palipotokea balaa, pawe na mafuriko au ghorofa lililoporomoka. Mama yake alishajaribu kuelewa, akachoka.

"Hao wagonjwa wako hawaongei," alimwambia siku moja. "Sasa unajuaje wanaumwa wapi?"

"Mashine zinasema, mama."

"Basi daktari ni mashine. Wewe wanakulipa kwa lipi?"

Sasa Asteria alikuwa amehamia Same, mwaka wa pili huu, akifundisha chuo cha maafisa tabibu. Alikuwa ameanzisha kozi ya huduma za dharura na maafa, kwa sababu mabasi hayakomi kupinduka kule barabara kuu na milima haikomi kuporomoka wakati wa masika. Kozi ilikuwa ya majaribio. Leo wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanafanya mtihani wa vitendo, hapa hapa Bombo, mbele ya mtahini kutoka Dar. Wakifaulu, kozi inabaki. Wakishindwa, inafungwa, na Asteria anarudi Dar kwenye wodi yake, ambako walikuwa wameshampigia simu kumwambia nafasi yake ipo.

Mumewe Hezroni hakutaka kulisikia hilo. Hezroni alikuwa mwalimu wa jiografia, mpole, mtu wa kupenda kupikiwa na kupika, na katika miaka yote ya ndoa yao Dar alikula chakula cha jioni akiangaliana na kiti kitupu. Same ndipo alipoanza kula na mke wake. Alishanenepa kidogo, na alikuwa anaipenda sana hali hiyo.

"Mama, shikamoo," alisema asubuhi ile, akiingia jikoni kwa mama mkwe na kuni begani.

"Marahaba baba. Weka hapo. Mkeo ameamka au bado anaongea na makaratasi yake?"

Asteria alikuwa ameamka zamani. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akipanga kadi zilizotungwa kwenye kamba: nyekundu, za njano, za kijani na nyeusi. Majeruhi wa kuigiza walikuwa kwaya ya usharika, wazee kwa vijana, na aliyewakusanya ni Mama Dorkas mwenyewe. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba mtoto wake anahitaji watu, na watu wakakubali kama wanaoitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, bila kuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Mimi utanipa ipi?" aliuliza Mama Dorkas.

"Utaona mama."

"Naona umeficha zile nyeusi."

"Sijaficha. Ziko chini tu."

Hezroni alimwangalia mke wake, akamwangalia mama mkwe wake, akachukua kikombe chake cha chai akaenda kunywea nje.

* * *

Kiwanja cha mpira cha Bombo kimekatwa kwenye ubavu wa mlima, na upande wa chini kuna korongo ambalo limeshameza mipira isiyo na idadi. Pale ndipo basi la kufikirika lilipopindukia. Kwaya ilifika kwa wakati, imevaa vizuri. Akina mama walikuwa wamejifunga vitenge vipya, na Mzee Anderson, mwimba besi, alikuja na koti la suti, kwa sababu alisikia kuna mgeni kutoka Dar.

Asteria alipoanza kugawa kadi, mambo yalianza kwenda kombo.

"Nyekundu?" alishtuka Fortunata, msichana wa sauti ya kwanza. "Daktari, nimemchezea nani rafu?"

Watu wakacheka. Asteria akaeleza. Nyekundu ni aliyeumia sana lakini anaweza kupona akiwahiwa, huyo anabebwa wa kwanza na kupandishwa gari la wagonjwa. Njano anaweza kusubiri kidogo. Kijani ameumia kidogo, anatembea mwenyewe.

"Hii yangu ni ya kijani," alisema Mzee Anderson.

"Ndiyo mzee. Umechubuka tu."

"Natembea mwenyewe tangu nimejifunza kutembea. Leo nimekuja kubebwa." Mzee akavua kofia. "Nakata rufaa."

Anayeijua Upare anajua kwamba neno hilo likishatamkwa, siku imeharibika. Wa njano nao wakakata rufaa. Mama mmoja akadai kwamba mguu wake unauma kweli, si wa kuigiza, na kwa hiyo anastahili nyekundu kuliko huyo binti mzima. Asteria akawatuliza, akawasihi, akawaahidi soda wote, rangi zote. Hakuona Mzee Anderson alipokwenda nyuma ya goli na kubadilishana kadi na kijana aitwaye Rodgers, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepakwa rangi nyekundu paja zima kwa sababu mshipa wake mkubwa ulikuwa umekatika. Rodgers hakubisha. Angembishia vipi mzee wa rika la babu yake, jirani, na aliyemfundisha kuimba?

Mwisho Asteria akafika kwa mama yake. Zilikuwa zimebaki kadi nyeusi tu, na alikuwa amepanga iwe hivyo, kwa sababu alijua kwamba hakuna mtu mwingine pale ambaye angeweza kumpa nyeusi bila kuzua kesi. Alidhani mama yake ataelewa. Akamvika shingoni.

"Hii ni ya nini?" aliuliza Mama Dorkas.

"Ni ya… asiye wa kupona, mama."

Mama Dorkas aliitazama ile kadi kifuani pake kwa muda, akaigeuza upande wa pili kuona kama nako ni nyeusi.

"Marehemu," alisema.

"Ya kuigiza tu."

"Mbele ya watu wote hawa, mwanangu wa kumzaa ananivika kifo." Akainua kitenge chake kidogo, akaenda kulala kwenye nyasi karibu na njia, mgongo umenyooka hata akiwa amelala.

Dokta Nassoro, mtahini, alifika wakati huo huo na gari jeupe. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na filimbi shingoni. Miaka ya nyuma Asteria ndiye aliyemshika mkono wodini, akamfundisha kuingiza mpira wa kupumulia kwenye koo la mgonjwa bila kutetemeka. Leo alimwita "Daktari" tu, akampa mkono wa haraka, akafungua karatasi zake. Asteria hakumlaumu. Ukali ule alimfundisha yeye mwenyewe.

Filimbi ikalia.

Wanafunzi walikuja mbio kutoka upande wa kanisa, machela na mabegi mikononi, wakiongozwa na Irine, binti mrefu wa Kileo, kule tambarare kwenye joto, aliyekuwa wa kwanza darasani tangu siku ya kwanza. Walikimbia vizuri. Asteria aliwaona akajisikia fahari. Kisha Irine akamfikia wa kwanza kwenye njia, ambaye ni Mama Dorkas, na miguu yake ikafunga breki yenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," alisema marehemu. "Hujambo? Wewe ni wa ukoo gani?"

"Bibi, sisi ni wa Kileo."

"Kileo! Poleni na joto."

Nyuma ya Irine mambo yalikuwa hivyo hivyo. Hakuna mwanafunzi aliyeweza kumruka mzee aliyelala chini. Kila mmoja aliinama, akaamkia, akasubiri aitikiwe, akaulizwa habari za nyumbani, akazijibu, na ndipo akasogea kwa mzee aliyefuata. Yunus, kijana wa Hedaru aliyejaa nguvu, alimkuta Mzee Anderson na kadi nyekundu na koti la suti. Akaita wenzake wawili wasaidiane kumbeba. Mzee alikuwa mzito. Machela ikayumba. Ndipo Rodgers, mwenye mshipa uliokatika, akainuka kwenye nyasi na damu yake yote ya bandia, akashika mpini wa nne na kusaidia kupandisha.

Dokta Nassoro akapuliza filimbi kwa muda mrefu.

"Simameni hapo hapo," alisema. Alitembea polepole hadi kwenye machela. "Huyu kijana paja limekatika. Kwa hesabu zangu amekufa kitambo. Na bado anabeba." Akamgeukia Mzee Anderson. "Na huyu mzee, anaumwa nini?"

"Nimechubuka," alisema Mzee Anderson, kwa ukweli.

Mtahini akafunga karatasi zake. "Tangu nianze kusimamia mitihani hii sijasikia shikamoo nyingi kiasi hiki. Niliitwa kuona maafa. Hii ni sherehe ya kipaimara."

Baadhi ya wanafunzi walicheka, kisha wakaona si mzaha, wakainamisha vichwa. Irine alikuwa anatazama viatu vyake. Asteria alisikia masikio yanapata moto kama siku ya kwanza alipokemewa na bwana mganga mkuu, na alikuwa mtu mzima sasa, na kwao, mbele ya watu waliomjua tangu akiwa na kamasi.

Nassoro alimvuta kando. Sauti yake ikashuka, ikawa ya zamani.

"Daktari, wewe ndiye uliyeniambia mgonjwa hana umri, ana pumzi. Sasa mimi niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Nikiandika nilichokiona, kozi imekwisha leo." Akatazama kule chini kwenye korongo. "Watu waende kula. Baada ya hapo nitapuliza tena mara moja. Sitapuliza ya tatu."

* * *

Makande yalikuwa tayari kwenye ukumbi wa kanisa, Hezroni akiwa miongoni mwa wapakuaji, aproni kiunoni. Aliuona uso wa mke wake akajua. Alimjazia sahani, na mkono wake uligusa mkono wa mkewe muda mrefu kuliko inavyohitajika kumpa mtu sahani.

Asteria aliwakusanya wanafunzi akawaambia yale yale aliyowaambia darasani mwaka mzima: msisimame, msiamkie, angalieni pumzi, angalieni damu, songeni mbele. Wote waliitikia ndiyo. Irine akanyoosha mkono.

"Dokta, tunajua. Darasani tunajua. Ila mzee akinitazama vile… Bibi yangu angesikia nimempita mzee chini bila kumwamkia, asingenipokea nyumbani."

Na Asteria mwenyewe alilelewa mlima huu huu. Akatoka nje. Mama yake alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za nyuma za ukumbi, hajala, kadi nyeusi imewekwa kando yake juu ya jiwe.

"Mama, njoo ule."

"Marehemu hali."

Asteria akakaa chini, ngazi moja chini yake. Alikuwa amechoka kubembeleza watu. Akasema, kwa mara ya kwanza, bila kuchagua maneno.

"Mama, huyu wa kadi nyeusi si mtu nisiyempenda. Ni mtu ambaye hata nikipiga magoti pale tangu asubuhi hadi jioni, hainuki. Na nikipiga magoti pale, nyuma yangu kuna mwingine aliyekuwa anaweza kuishi, anakufa akinitazama mgongo."

"Kwa hiyo unampita."

"Nampita."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa mzee."

"Hata akishika nguo yako?"

Kwenye ghorofa lile lililoporomoka walikuwepo wa kumshika nguo. "Hata akishika nguo yangu. Kila mara miguu hukataa kwanza, mama. Haijazoea mpaka leo. Hiyo ndiyo kazi unayoniuliza wananilipia. Wodini vile vile, kuna kitanda kimoja na wagonjwa wawili, na mtu lazima aseme nani analazwa pale. Mtu huyo ni mimi."

Mama Dorkas alimtazama binti yake kama mtu anayeona nywele nyeupe za mwanawe kwa mara ya kwanza. Ndani ukumbini vijiko viligonga sahani.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe. "Mbona hukuniambia?"

"Ungelala usingizi?"

"Nisingelala. Lakini tungekesha wawili." Alifuta jicho moja kwa pembe ya kitenge, haraka, kama anayetoa mdudu. "Na huyo unayempita, huwa unamwambia nini?"

"Hakuna muda wa kumwambia. Moyoni huwa naomba radhi."

"Naye hasemi kitu."

"Hasemi."

Mama Dorkas alichukua ile kadi juu ya jiwe. Hakuivaa bado.

"Watoto wako si wajinga, Asteria. Wamelelewa, na mimi nawasifu waliowalea. Unawaambia watupite. Wewe huwezi kuwapa ruhusa hiyo. Wewe ni mdogo." Akasimama, akakung'uta kitenge. "Anayeweza kuwapa ruhusa ni sisi. Ngoja niongee na wenzangu. Na umwambie mumeo aniwekee makande yangu, yasipoe."

* * *

Alichowaambia wenzake, Asteria hakukisikia chote. Aliona tu wazee wa kwaya wamesimama duara nyuma ya ukumbi, Mama Dorkas katikati, na Mzee Anderson akitikisa kichwa, kisha akiacha kutikisa, kisha akivua koti lake la suti na kumpa mtu amshikie. Walipotoka walimjia Asteria wote kwa pamoja.

"Tunaomba nyeusi," alisema Mzee Anderson. "Wazee wote. Wenye damu changa wape hizo nyekundu. Kama ni maafa kweli, sisi tusingekubali kubebwa mbele ya watoto. Tulipitiwa na tamaa ya gari."

"Mzee, siwezi kuwapa wote nyeusi. Ajali haichagui namna hiyo."

"Basi wagawie unavyoona. Mimi sikati rufaa tena." Na hilo, kwa Mzee Anderson, lilikuwa jambo zito kuliko kufa.

Asteria akagawa upya, safari hii bila ubishi. Wazee wengine wakapata kijani, wachache njano, na waliobaki, Mzee Anderson akiwemo, nyeusi. Mama Dorkas alijivika yake mwenyewe. Akachagua pa kulala, pale pale kwenye njia, ambapo ni lazima kila mtu ampite.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Filimbi ikalia.

Wanafunzi wakaja. Irine mbele, machela nyuma. Akamkaribia Mama Dorkas na kila mtu pale kiwanjani aliona miguu ya yule binti inavyoanza kusita, na Asteria alikunja ngumi ndani ya mifuko. Irine akafungua mdomo.

"Marahaba!" alisema Mama Dorkas kabla hajaamkiwa, kwa sauti ya kufika hadi goli la pili. "Pita!"

Irine akapigwa na butwaa kwa kitambo kidogo kabisa. Kisha uso wake ukafunguka, akamruka bibi yule, akapita.

"Marahaba, pita!" akanguruma Mzee Anderson kutoka kwenye nyasi. "Marahaba, pita!" wakaitikia wengine, upande huu na upande ule, kila mzee akimwahi mwanafunzi kabla shikamoo haijamtoka mdomoni. Wenye kadi za kijani, wameshika mikono yao iliyochubuka, waliwaonyesha njia: kule, kule, kuna kijana anavuja damu kule. Na wanafunzi wakapita. Wakaruka, wakakimbia, mikono yao ikafanya kazi waliyofundishwa. Yunus alifunga paja la Rodgers mpaka Rodgers akapiga kelele za kweli. Fortunata alinyooshwa shingo, akawekewa hewa, akabebwa wa kwanza na vijana waliojua wanachokifanya. Asteria alikuwa anatazama huku anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kukosa hata kitu kimoja.

Kisha akasikia wimbo. Ulianza chini sana, besi tupu, midomo imefungwa. Wenye kadi nyeusi, walioachwa peke yao kwenye nyasi na kila mtu amewapita, walikuwa wanaimba wimbo wa Jumapili ya jioni, sauti zote nne, macho yamefumbwa.

"Daktari," alisema Nassoro. "Marehemu wanaimba."

"Nasikia."

"Inaruhusiwa?"

"Kwenye mwongozo hakuna inapokatazwa."

Mtahini akatazama karatasi zake, akageuza moja, akageuza nyingine. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alionyesha kule korongoni.

"Dereva wa basi amepatikana chini. Amebanwa kifua. Wanafunzi wako wote wana mgonjwa mkononi, hakuna wa kumtuma." Akamtazama mwalimu wake wa zamani. "Nenda wewe."

Asteria akanyakua begi, akakimbia. Njia ya kwenda korongoni ni moja tu, na kwenye njia hiyo amelala mama yake. Alijua ni mchezo. Alijua nyasi zile, kitenge kile, na kwamba moyo wa mama yake ulikuwa unadunda vizuri kabisa chini ya ile kadi. Hata hivyo alipomfikia, akamwona chini vile, amefumba macho, mdogo na mzee zaidi kuliko alivyokuwa asubuhi, miguu yake ikakataa, kama kawaida yake.

Mama Dorkas hakufumbua macho. Aliacha kuimba kwa pumzi moja tu.

"Marahaba, mwanangu," alisema taratibu, kwa sauti ya wawili tu. "Pita."

Asteria akapita. Akashuka korongoni kwa makalio na visigino, akamkuta Hezroni amelala kwenye vichaka na aproni yake, maana Nassoro alimwomba kimyakimya awe dereva. Akamkagua kifua, akamfungulia njia ya hewa, akasema kwa sauti kila alichofanya, na mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Hezroni alifumbua jicho moja tu, akaona mke wake analia.

"Nimeumia sana?" alinong'ona.

"Nyamaza, umebanwa kifua."

* * *

Nassoro alitoa matokeo ukumbini, amesimama juu ya benchi kwa sababu wanafunzi walikuwa wamemzunguka na hawakumpa nafasi. Alisema mara ya kwanza ilikuwa aibu, na kwamba ameiandika hivyo hivyo. Kuhusu mara ya pili, alisema hajawahi kuona timu ya wanafunzi inayochambua majeruhi kwa kasi namna hiyo. Alisema ameweka maoni yake, kwamba kila penye zoezi kama hili wazee wa mahali pale washirikishwe kwanza. Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo, akasema kozi inabaki.

Ukumbi ukalipuka. Irine alibebwa juu juu. Yunus alicheza akiwa na sahani. Hezroni alimkumbatia mke wake mbele ya kadamnasi, majani ya korongoni bado kichwani mwake, akamwambia kesho anapika yeye na wanakula saa moja kamili. Nassoro alimwendea Asteria, akashika mikono yake miwili, na safari hii hakumwita Daktari. "Mwalimu," alisema.

Walikuwa kwenye sahani ya pili ndipo Asteria aliposikia kitu. Akainua mkono watu wanyamaze. Kwa mbali, ndani ya ukungu, kulikuwa na besi.

"Mungu wangu," alisema. "Hatukuwaambia."

Akatoka mbio, ukumbi mzima nyuma yake. Kule kiwanjani, wenye kadi nyeusi walikuwa bado wamelala kwenye nyasi, kila mmoja mahali pake, wameloa umande wa ukungu, na wamefika beti ambazo hakuna anayezijua kwa kichwa isipokuwa wao. Hakuna aliyewaambia kuwa zoezi limekwisha, na walikuwa wameahidi kufa, basi walikuwa wanatimiza ahadi.

Wanafunzi walitawanyika kiwanjani, safari hii bila mbio. Wakapiga magoti, mmoja mmoja, kwa kila mzee. Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Zilisikika kiwanja kizima, taratibu, na kila moja iliitikiwa kwa ukamilifu wake, na habari za nyumbani zikaulizwa na kujibiwa moja baada ya nyingine. Dokta Nassoro mwenyewe aliinama kwa Mzee Anderson, naye akaulizwa ukoo.

Asteria alipiga magoti kwenye njia.

"Shikamoo mama."

Mama Dorkas alifumbua macho. Alimtazama binti yake, tope magotini, begi begani, nywele zimetimka, akamtazama vizuri kama mtu anayetaka kumkumbuka.

"Wangapi wamepona?" aliuliza.

"Wote waliokuwa wa kupona, mama."

"Marahaba," alisema Mama Dorkas, na akamnyooshea mkono. "Sasa niinue, nyasi zimelowa."